Gari Ndani ya Jumba la Sinema

Ipo picha moja ya mji wa Detroit ambayo bila shaka wengi wenu mmekwisha kutumiwa na jamaa, ikiwa na neno la masikitiko chini yake. Magari yameegeshwa juu ya sakafu ya zege, na juu ya magari hayo, badala ya dari ya kawaida ya maegesho, yanaonekana matao makubwa, nakshi za plasta zilizobanduka, na mabaki ya pazia mahali palipokuwa jukwaa. Jumba hilo ni Michigan Theatre. Lilifunguliwa tarehe 23 Agosti 1926 likiwa na viti 4,050, kazi ya wasanifu Rapp na Rapp wa Chicago, nao ni watu waliokuwa hawajui maana ya neno "kiasi".

Picha hiyo, kwa namna mbalimbali, imezunguka dunia. Wafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, waliiweka katika kitabu chao kikubwa cha The Ruins of Detroit kilichotoka mwaka 2010, kisha mwaka 2021 wakatoa kitabu kingine, Movie Theaters, kinachohusu majumba ya sinema yaliyoachwa kote Marekani. Sinema nayo haikubaki nyuma. Vijana waliimba kwa kushindana ndani ya maegesho hayo katika 8 Mile ya mwaka 2002, na Jim Jarmusch akawapeleka humo wanyonya damu wake katika Only Lovers Left Alive ya mwaka 2013. Kila anayefika hapo hukumbushwa kwamba kiwanja hicho ndicho kilichokuwa na kibanda cha Henry Ford alimotengenezea gari lake la kwanza mwaka 1896. Basi msemaji hutabasamu, gari limerudi nyumbani kwao, na mazungumzo huishia hapo.

Sisi tunaona mazungumzo yangeanzia hapo. Katika makala haya tungependa kuyatazama majumba ya kati ya mji wa Detroit kama kazi za watu zilizojengwa kwa shabaha maalumu, na kuuliza kila moja lilikufa vipi, au liliponaje. Tunaandika kwa jicho la mhandisi, na msomaji atusamehe pale ambapo hesabu itaingilia kati.

Kwanza tuwape haki wapiga picha. Kazi ya Marchand na Meffre ni ya ustadi mkubwa. Wanatumia mwanga wa asili, wanasubiri, na wanaonyesha jengo lote kwa utulivu. Mtu akitazama ukurasa wa United Artists Theatre, jumba la mwaka 1928, anaona jinsi plasta inavyobanduka tabaka kwa tabaka, na fundi yeyote anaweza kusoma humo mahali maji yalipoingilia. Lakini kitabu chote kina upungufu mmoja ambao sisi tunauona kuwa ni mkubwa mno: karibu kurasa zote hazina mtu. Detroit inaonekana kama mji uliohamwa zamani za mawe, kama Gedi au Kilwa, ilhali mwaka huo wa 2010 sensa ilihesabu humo watu 713,777. Watu laki saba si magofu. Mwandishi na mpiga picha Camilo José Vergara aliwahi mwaka 1995 kupendekeza majengo marefu ya kati ya mji yaachwe yalivyo yawe kama Akropoli ya Marekani. Wenyeji walikasirika, na walikuwa na haki, kwani nani hupenda kuambiwa kwamba mtaa wake unapendeza zaidi ukiwa umekufa?

Tukirudi kwenye majumba yenyewe, kitovu chake ni bustani ya Grand Circus na barabara ya Woodward inayoikata. Kati ya mwaka 1917 na 1928 yalijengwa hapo na jirani yake majumba ya Madison, Adams, Capitol, State, Michigan, United Artists na Fox, moja karibu ya jingine kiasi kwamba mtu aliyekosa tiketi huku alivuka barabara akajaribu kule. Mengi kati ya hayo yalichorwa na mtu mmoja, Charles Howard Crane, ambaye kazi zake za majumba ya maonyesho Marekani na Kanada huhesabiwa kwa mamia. Wasomaji wetu wa London wanaweza kushangaa kusikia kwamba wamewahi kuingia ndani ya kazi ya mtu huyo bila kujua. Baadaye alihamia Uingereza, na ukumbi wa maonyesho wa Earls Court uliofunguliwa mwaka 1937 ulikuwa wake. Huo nao ulianza kubomolewa mwaka 2015.

Watu wengi wakiingia Fox, lililofunguliwa tarehe 21 Septemba 1928 na lenye viti zaidi ya 5,000, hutazama nguzo nyekundu, simba, tembo, na mchanganyiko wa Kihindi, Kichina na Kiajemi ambao hakuna Mhindi, Mchina wala Mwajemi angeukiri kuwa ni wake. Sisi tunawashauri watazame kile kisichopambwa. Watazame roshani kubwa ya viti vya juu, inayobeba watu kwa mamia, kisha watafute nguzo inayoishikilia katikati ya ukumbi. Hawataiona. Katika majumba ya namna hii mzigo wa roshani hubebwa na mihimili mikubwa ya chuma iliyofichwa ndani ya mwinuko wa viti, inayovuka ukumbi kutoka upande hadi upande, ili mtu aliyeketi chini nyuma asikingwe na kitu. Ile dari inayoonekana nzito kama mwamba ni plasta nyembamba iliyoning'inizwa kwa vyuma kutoka kwenye paa. Katika mengi ya majumba ya enzi hiyo hewa iliingizwa kupitia matundu madogo chini ya viti, kama uyoga wa chuma, ili elfu kadhaa ya watu waweze kukaa pamoja saa tatu bila kuzirai. Nakshi zilikuwa nguo tu. Mwili ulikuwa mashine ya kukusanya watu, kuwaketisha, kuwapumzisha na kuwatoa salama.

Mashine hiyo ilikuwa na kiungo kimoja kilichokuwa nje yake, nacho ni tramu. Hebu tupige hesabu. Fox ikijaa, watu 5,000 wanatoka kwa wakati mmoja. Wakija kwa miguu, kwa tramu na kwa basi, mji unawameza ndani ya nusu saa. Wakija kwa magari yao, watu wawili na nusu kwa kila gari, ni magari 2,000. Gari moja, pamoja na njia ya kulifikia, linahitaji kama mita za mraba 30. Jumla ni mita za mraba 60,000, yaani zaidi ya viwanja vinane vya mpira, kwa jumba moja. Na majumba yalikuwa saba.

Tramu ya mwisho ya Detroit ilipita Woodward mwezi Aprili 1956, na magari yake mengine yaliuzwa Mexico City. Miaka miwili kabla, mwaka 1954, soko kubwa la Northland lilikuwa limefunguliwa Southfield, nje ya mji, likiwa na maegesho ya bure kadiri jicho linavyofika. Barabara kuu za mwendo kasi zilikatwa katikati ya mitaa. Watu walikuwa 1,849,568 mwaka 1950, na kutoka hapo hesabu ikawa inashuka kila sensa hadi 639,111 mwaka 2020. Ongeza hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1948, iliyozilazimisha kampuni kubwa za filamu kuachana na majumba yao ya sinema, hivyo majumba makubwa yakapoteza mwenye mfuko aliyeweza kuvumilia hasara. Husemwa kwamba televisheni ndiyo iliyoua sinema. Ilichangia, hatukatai, lakini televisheni iliingia pia Bombay na Cairo na majumba hayakufa vile. Kilichoua majumba ya Detroit kwanza ni kuvunjwa kwa njia ya kuyafikia.

Sasa turudi Michigan Theatre na magari yake. Jumba liliacha kuonyesha filamu mwaka 1967, likajaribiwa kwa muziki wa roki, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 likawa limechakaa. Limeungana na jengo la ofisi la ghorofa 13, na wapangaji wa ofisi walitaka mahali pa kuegesha la sivyo wahame. Kubomoa ukumbi kulionekana kungehatarisha jengo la ofisi, kwa kuwa mifupa ya majengo hayo mawili imeshikana. Basi mwaka 1977 viti na roshani viliondolewa, zikamwagwa sakafu tatu za zege ndani ya ganda, na magari kama 160 yakapata nafasi. Hapa ndipo sisi tunapoona jambo ambalo wapiga picha hawalioni. Jumba lililoketisha watu 4,050 sasa linalaza magari ambayo, kwa hesabu yetu ya watu wawili na nusu kwa kila gari, hayafikishi hata watu 500. Hilo la Henry Ford ni kichekesho cha kupita. Hesabu hii ndiyo historia yenyewe ya mji, imeandikwa kwa zege, na mtu anaweza kuisoma akiwa amesimama papo hapo. Tena tuseme wazi, ingawa baadhi ya marafiki zetu wasanifu hawatupendi kwa hili: kama uhandisi, kazi ile ya 1977 haikuwa mbaya. Dari iko, matao yako, paa lipo, na kitu kilichomo ndani kinaweza siku moja kutolewa. Lililobomolewa halirudi.

Tuitazame Madison, la mwaka 1917. Ukumbi wake ulibomolewa mwaka 2000, ikabaki sehemu ya mbele yenye ofisi. United Artists, ambalo ukumbi wake ulikuwa na sauti nzuri kiasi kwamba okestra ya Detroit iliutumia kurekodia hata baada ya sinema kufungwa, lilikaa wazi kwa miongo, na mwaka 2022 ukumbi huo ukabomolewa huku mnara wa ofisi ukigeuzwa nyumba za kupanga. Magazeti yaliita kazi za namna hii uokoaji. Sisi tunasita. Ni kama kumvua marehemu kanzu, ukaitundika ukutani, kisha ukasema mzee bado yupo nasi. Tunakiri kwamba nyumba za kuishi zina faida, pengine kuliko ukumbi mtupu unaovuja, na mji wenye watu wachache unahitaji wakazi. Basi iitwe nyumba ya kuishi, na ukumbi uandikiwe tanzia yake.

Fox ndilo linalotajwa daima kuwa ushindi, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Mike na Marian Ilitch, wenye biashara ya piza, walilinunua mwaka 1987, na mwezi Novemba 1988 likafunguliwa likiwa limerudishiwa rangi na dhahabu yake, kazi ambayo gharama yake hutajwa kuwa dola milioni 12. Mafundi waliofanya kazi ile wanastahili heshima. Kurudisha plasta ya aina hiyo ni ufundi unaopotea. Lakini ukitoka nje baada ya onyesho na kutazama kuanzia hapo kwenda magharibi, kwa miaka mingi ulichokiona ni uwanda wa maegesho. Dhahabu ndani, lami nje. Watu huja kwa gari, huketi, hupiga makofi, hurudi kwenye gari. Hesabu yetu ya viwanja vinane vya mpira imelipwa kwa kubomoa mitaa iliyokuwa ikilileta jumba lile wateja wake.

Kuna mfano mwingine unaomfurahisha mhandisi kuliko mtu yeyote. Gem ni jumba dogo la mwaka 1927 lililoungana na jengo la klabu la mwaka 1903. Mwaka 1997 ulipotakiwa uwanja wa kujengea kiwanja cha besiboli, mwenyewe hakukubali livunjwe. Jengo zima, lenye uzito wa tani zaidi ya 2,700, liliinuliwa kwa jeki, likawekwa juu ya mihimili ya chuma na magurudumu ya mpira, likavutwa mitaani polepole kwa zaidi ya nusu kilomita hadi mahali lilipo leo. Kitabu cha rekodi za dunia kiliiandika safari hiyo. Tumesoma mahesabu ya kazi za namna hii na bado hatuachi kustaajabu, kwa sababu tofali halipendi kupindwa hata unywele. Ila tujiulize pia: mji uliona ni rahisi zaidi kusogeza tani 2,700 za matofali kuliko kusogeza mchoro wa uwanja wa mpira.

Jumba tunalolipenda kuliko yote haliko hasa pale Grand Circus, liko mbele kidogo kwenye Woodward hiyo hiyo, na wala halikujengwa kwa ajili ya filamu. Ni Orchestra Hall, kazi ya Crane pia. Mwaka 1919 kiongozi wa okestra Ossip Gabrilowitsch (mkwe wa mwandishi Mark Twain, kwa wanaopenda habari za ukoo) alisema hatabaki Detroit bila ukumbi unaofaa, ukajengwa kwa muda usiofika miezi sita. Haraka hiyo, kwa muujiza ambao wataalamu wa sauti bado wanausoma, ilizaa mojawapo ya kumbi zinazosifiwa sana kwa usikivu nchini Marekani. Mwaka 1939 okestra ilihama kwa uhaba wa fedha. Mkesha wa Krismasi wa 1941 ukumbi ukafunguliwa tena kwa jina la Paradise Theatre, na kwa miaka kumi Duke Ellington, Count Basie, Ella Fitzgerald na Billie Holiday waliimba na kupiga humo mbele ya watu weusi wa Detroit, wengi wao kutoka mitaa ya Black Bottom na Paradise Valley, mitaa ambayo baadaye ilifukiwa chini ya barabara kuu. Paradise ilifungwa mwaka 1951. Mwaka 1970 ukumbi ulikuwa mtupu, umevuja, na umeuzwa ili uvunjwe kupisha mkahawa. Aliyesimama kuuokoa hakuwa tajiri wala serikali. Alikuwa mpiga basuni wa okestra, Paul Ganson, pamoja na wanamuziki wenzake na wapenzi wa muziki, wakichangisha kidogo kidogo kwa karibu miaka 20, hadi okestra iliporudi mwaka 1989.

Hili ndilo jengo ambalo haliwezi kupigwa picha likaeleweka. Uzuri wake ni wa masikio, na historia yake nusu nzima ni ya watu ambao mitaa yao haipo tena. Kitabu cha magofu hakina ukurasa wa kuliweka, kwa kuwa halikukaa gofu. Lakini hata hapa sifa ina doa lake: katika kumbukumbu za sherehe jina la Gabrilowitsch hutajwa kwa sauti kubwa kuliko jina la Paradise, kana kwamba ile miaka kumi ilikuwa ya kupangisha tu. Sisi tunaona kama si ile miaka kumi, pengine jengo lisingefika 1970 kuokolewa na mtu.

Huenda msomaji anauliza, Detroit inatuhusu nini sisi tuliotoka Pwani? Inatuhusu kwa sababu swali hilo hilo liko Vuga, Unguja. Sinema ya Royal ilifunguliwa pale mwaka 1921 kwa mchoro wa J. H. Sinclair, baadaye ikaitwa Majestic, ikateketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1955 kwa mtindo wa kisasa wa siku zile. Waliokulia huko wanakumbuka wazee wakisimulia foleni za picha za Raj Kapoor, na maonyesho ya akina mama peke yao. Jengo lilichakaa, na kwa miaka ya karibuni kumekuwa na juhudi za kulifufua. Tunaziunga mkono. Ila tumeona mazungumzo ya baadhi ya wenzetu ughaibuni yakizunguka zaidi kwenye sura ya mbele, rangi gani, herufi zipi, taa za namna gani. Hayo ni mazungumzo ya Madison.

Majestic ina kitu ambacho Fox ilikipoteza na hakinunuliki kwa dola milioni 12: bado inafikiwa kwa miguu. Mtu anatoka Mkunazini, Kikwajuni au Ng'ambo, anatembea, anafika. Na watazamaji wapo. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, kwa miaka mingi limewakalisha watu chini ya nyota ndani ya Ngome Kongwe, bila hata paa. Hatari ya Mji Mkongwe ni nyingine. Nyumba zinageuka hoteli moja baada ya moja, na mkazi anayehama kwenda Chukwani au Bububu hatarudi usiku wa Jumanne kutazama filamu. Likifufuliwa kwa ajili ya mgeni wa usiku mmoja tu, tutapata jengo safi lenye tiketi ambayo mtu wa Kikwajuni hawezi kuilipa.

Kwa hiyo tunawaomba wale watakaofikiwa na kadi za michango, hapa au Muscat au London, waulize maswali matatu kabla ya kutoa hundi. Paa limekaguliwa na nani, maana maji ndiyo adui wa kwanza na rangi haiyazuii. Tiketi itakuwa shilingi ngapi. Na watuonyeshe ratiba ya wiki moja ya kawaida, si ya tamasha, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, tuone nini kitaonyeshwa na nani anatarajiwa kuketi.